Njia Tulizofyeka Mikomani

5 Aprili

Adnani kafika jana kupitia Kiunga, na leo tangu alfajiri yumo ndani ya viatu vya kupandia milima, hapa Ras Kamboni, upande wa Somalia wa mpaka, ambapo mlima hatuna. Mama kamtazama miguu, akacheka hata ushungi ukamwanguka. "Mwanangu, umevaa mitumbwi?"

Ni ndugu yangu wa mwisho. Vita vilipotukimbiza nilimbeba mgongoni hadi Kenya, ng'ambo ya mpaka, nami mwenyewe nilikuwa mtoto. Baadaye mjomba akamchukua Uingereza, sisi tukabaki kambini, kisha Mombasa. Sasa tuna miaka sita tangu kurudi: mimi, mume wangu Idris, binti yetu Shamsa, na Mama, aliyeapa kwamba hafi katika chumba cha kupanga. Adnani hakuwahi kurudi ila safari hii, na karudi na jambo.

Jambo lenyewe ni bonde la Mikomani. Ni msitu wa mtoni, upande wa machweo, na ukiupita wote unafika kwenye jiwe la mpaka. Ndani yake ndimo alimozaliwa Mama, katika kijiji ambacho hakina mtu tangu tulipokimbia. Njia zake zimemezwa na miiba. Adnani anataka zifyekwe, ziwekwe alama, watu waje kutembea. Kwanza Wabajuni waliotawanyika Ulaya, waone walikotoka, kisha wageni wengine. Chama kimoja cha hisani huko kwao kimemsaidia.

Idris alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Shemeji, hao watu watatembea waende wapi?"

"Watembee tu, kisha warudi."

"Bila kuni? Bila asali?"

"Bila kitu, shemeji."

Idris akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

8 Aprili

Mvua ya kwanza. Haikujaza hata sufuria.

12 Aprili

Wameanza kufyeka. Idris na vijana wa mtaa mbele na mapanga, Adnani nyuma na kopo la rangi ya buluu. Kila baada ya hatua kadhaa anapaka mstari kwenye mti au jiwe. Idris anasema shemeji yake ana mkono mzuri wa kupaka na mkono mbaya wa kila kitu kingine. Lakini kasema akitabasamu. Siku hizi mbili wanakula sahani moja.

Mimi nilidhani ni mchezo wa mtu aliyeshiba. Nimeandika hivyo ili nikumbuke kwamba nilidhani hivyo.

19 Aprili

Leo wametupeleka sisi wanawake. Sijui nianzie wapi. Tangu turudi, Mikomani kwangu lilikuwa jina la kutishia watoto, na kumbe ni kivuli kitupu, kivuli kibichi, na mto chini unapita taratibu juu ya mawe kama mtu anayejisemea. Kima walitupigia kelele tokea juu. Kuna mahali mikoma, ile miti iliyolipa bonde jina, imeinamiana pande mbili za njia mpaka unapita kama chini ya dari. Mwenzetu mmoja alivua viatu, akatembea pekupeku, akasema ardhi ni baridi kama sakafu ya msikitini.

Tumekata mkindu wa kusukia mikeka mpaka tukashindwa kubeba. Zamani tuliufuata mbali, juani, siku nzima.

Wakati wa kurudi Adnani aliniuliza, "Dada, unaonaje?" Nikamwambia njia yake nzuri. Akageuka upande. Nilijua analia, nikajifanya nafunga mzigo.

21 Aprili

Mama kafika Mikomani.

Tulimpandisha punda, Idris akishika kamba na Adnani akimwegemeza kiunoni. Tulipofika uwandani penye mkwaju mkubwa akasema, "Niteremsheni." Akasimama kwa fimbo yake, akaanza kutuonyesha: hapa nyumba ya kina Mbwana, hapa jiko la bibi yenu, hapa tulikuwa tukitwanga. Hatukuona kitu ila nyasi na mawe mawili matatu ya msingi. Lakini alipoelekeza fimbo kwenye kichaka akasema kisima, Idris akafyeka, na kisima kilikuwapo, maji yakiwa chini yanang'aa.

Adnani alitaka kupaka mkwaju alama ya buluu. Mama, ambaye kwa Kibajuni chake mti ni mchi na watu ni wachu, akamkemea, "Usiupake mchi huo, si mlango." Adnani akacheka, akaupaka kidogo tu upande wa nyuma, akidhani Mama haoni.

Tuliporudi Mama kala sahani mbili.

29 Aprili

Mvua usiku na mchana. Tanuri langu la mofa limelowa, leo hakuna mkate.

4 Mei

Nimesikia msumeno wa petroli. Nilidhani ni injini ya mashua, lakini ulitoka bara.

6 Mei

Ni kweli. Wachoma makaa wameingia Mikomani. Wamekuja kutoka upande wa juu na malori mawili, wakayaacha barabarani, kisha wakafuata alama za buluu mpaka katikati ya bonde. Wana bunduki. Hakuna anayesema ni watu wa nani. Ukiuliza dukani, mwenye duka anaanza kupanga viberiti.

Adnani kaenda kituoni kwa askari. Mkubwa wa hapo kamkaribisha, kampa kiti na soda, kamwambia, "Tumesikia." Adnani akangoja neno la pili. Neno la pili halikuja.

8 Mei

Alasiri tulipata mgeni. Mtu mzima, nadhifu, kanzu imepigwa pasi, ndevu zina hina. Alibisha hodi kwa adabu, akaacha viatu mlangoni, akamsalimia Mama kwa kuinama. Alituletea sukari na majani ya chai. Jina lake Abdulhamid. Alisema Kisomali, pole pole, kama mwalimu.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Sisi tumekuwa tukilitazama bonde hili miaka mingi, hatuna pa kuingilia. Miiba tupu. Safari hii tunakuta njia, tena safi, tena ina alama. Nani aliyeifanya? Mungu amlipe."

Bahati, Adnani alikuwa ufukweni akitafuta mtandao. Idris alisema ni kazi ya kijiji.

"Wewe ndiye uliyeongoza, nimeambiwa." Akanywa chai. "Walaal, ndugu yangu, tuna kazi ya msimu mmoja tu. Tunataka mtu wa kutuonyesha njia nyingine, na miti migumu iko wapi."

Idris akasema yeye ni mvuvi, ana nyavu zake. Mgeni akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akainuka, akavaa viatu. Mlangoni akasema, "Binti yako Shamsa anasoma chuo kile cha karibu na kisima cha mjini, sivyo? Hupita peke yake. Mtoto mzuri, ana sauti nzuri ya Kurani."

Akaaga. Sukari iko pale mezani. Mama anauliza mbona hatuifungui.

10 Mei

Idris katoka alfajiri bila nyavu. Karudi magharibi, ungaunga wa mbao nyweleni. Nilimmwagia maji ya kuoga, nikayatazama yanavyoteremka yakiwa ya hudhurungi.

Baadaye akaniambia, "Adnani asijue. Akijua atapiga kelele, na kelele zake zitamwangukia Shamsa."

Nikasema, "Twende zetu Mombasa."

"Na Mama? Na kwa nini unadhani watatuacha tupite?"

Tumemwambia Shamsa chuo kimefungwa kwa sababu ya mvua. Hakuamini, kwa sababu wenzake wanapita mlangoni na vibao vyao.

13 Mei

Misumeno mitatu leo. Mto umepanda.

16 Mei

Adnani kajua. Alimwona Idris kwa macho yake, penye njia panda ya mtoni, akiwaelekeza wenye misumeno kwa mkono.

Tulikuwa tunakula. Adnani hakugusa sahani. "Niambie, shemeji," alisema, "wamekupa nini?"

Idris akaendelea kula.

"Mimi nilikuamini. Nimewaambia watu wa huko kwamba wewe ndiye moyo wa kazi hii. Jina lako limo katika kila nilichoandika. Na wewe unawashika mkono wauaji unawapeleka kwenye mti wa Mama!"

Mama akasema, "Adnani, huyo ni mume wa dada yako."

"Ni mnafiki, Mama."

Neno hilo nyumbani mwetu halijawahi kutamkwa kwa mtu wa nyumbani. Idris akanawa mikono. Alinitazama mara moja, nami nikaelewa, nikafunga mdomo. Nimewahi kufa njaa kambini, nimewahi kuzika mtoto kabla ya Shamsa, lakini sijui kama nimewahi kupata mtihani kama ule, kumsikia ndugu yangu anamtukana mume wangu kwa kosa ambalo si lake, na nikinena neno moja namwua mwanangu.

Adnani kahamia kwa jirani.

17 Mei

Moshi. Nguo zote kambani zinanuka.

20 Mei

Nimekwenda kwa wazee wa mji. Nilipanga maneno njia nzima. Waliniacha nimalize. Mmoja akasema, "Zakiya binti yangu, hao wachu wakija kwako na sukari, shukuru. Kuna waliojiwa bila sukari."

Nilipotoka mwingine alinifuata mpaka uani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe pia yumo mle, anabeba magunia. Akasema, "Tungoje waishe." Sikuuliza waishe wao au iishe miti.

25 Mei

Naandika ya jana na ya leo pamoja.

Jana baada ya adhuhuri jirani alikuja kutuambia Adnani kaingia bondeni na simu yake, kapiga picha za matanuri ya makaa, kasema ulimwengu lazima uone. Mpaka alasiri hakurudi. Idris alikuwa amerudi mapema kwa sababu ya mvua. Alipoambiwa alisimama katikati ya ua, akanyeshewa. Kisha akachukua fimbo ya Mama.

Nikamshika nguo. "Babake Shamsa, watakuueni wote wawili."

"Wananihitaji bado," akasema. "Hilo ndilo nililo nalo."

Akaenda.

Mvua ilikuwa ya kupiga mapaa kama mawe. Mama aliuliza Adnani yuko wapi, nikamwambia kalala kwa jirani. Akaniuliza Idris, nikamwambia kaenda kutazama mashua. Akasema, "Wewe tangu utotoni ukidanganya husugua kidole gumba." Nikautazama mkono wangu. Basi nikamwambia yote: mgeni, Shamsa, msumeno, yote. Hakulia. Alimwita Shamsa akamlaza ubavuni pake, akamfunika na nusu ya leso yake, akashika tasbihi. Nami nikakaa kizingitini. Nilifikiri niende kituoni; nikamkumbuka yule mkubwa na soda yake. Nilifikiri niende kwa wazee, nikawakumbuka. Nilifikiri niende mwenyewe bondeni. Nilisimama nikafika langoni, nikamwona Shamsa kanyanyua kichwa ananitazama, nikarudi nikakaa. Mara ngapi nilifanya hivyo sijui. Langoni na kurudi, kama mbuzi wa kamba.

Leo wamefika mchana. Kwanza nilimwona Idris, halafu nyuma yake Adnani, pekupeku, miguu imechanika kwa miiba. Wamemvua viatu. Shati limegandamana na damu begani, lakini anatembea. Simu wameivunja juu ya jiwe mbele yake.

Adnani kakaa chini ukutani. Hakutaka maji. Mwisho akasema, "Dada, walitaka kunipiga risasi. Walishanipigisha magoti. Shemeji akaja, akasimama kati yangu na wao, akamwambia yule mzee wa ndevu za hina: huyu ni ndugu wa mke wangu, akili zake zimechoka kwa baridi ya Ulaya, niachieni, nami nitawafanyia kazi mpaka mmalize msimu, mchana kutwa, hata ile miti nisiyowaonyesha nitawaonyesha." Akatazama jikoni. "Kuna miti alikuwa amewaficha, dada. Siku zote hizo alikuwa akiwazungusha."

Idris alikuwa jikoni ananawa. Hakutoka.

Masharti yao: Adnani aondoke nchini, asirudi.

27 Mei

Kaondoka kwa mashua ya Kiunga. Bahari mbaya, lakini nahodha kakubali.

Tulipokuwa ufukweni Adnani alimkamata Idris mkono. "Shemeji, lile neno nililosema. Nisamehe."

Idris akatazama miguu ya Adnani iliyofungwa matambara. "Utapandaje mashua hivyo?" Akavua ndara zake akampa. "Vaa. Zimelegea kidogo, lakini zitakufikisha."

Tumerudi nyumbani Idris akiwa pekupeku kwenye mchanga wa mvua. Mama alibaki kitandani, kageukia ukuta.

6 Juni

Idi kubwa. Idris alipewa ruhusa ya kusali tu, kisha akarudi kazini. Nyama tumekula watu watatu.

11 Juni

Sasa wamesema wanawake wapike. Wapishi wao wameugua homa. Tumechaguliwa watano. Hakuna aliyeuliza tukikataa itakuwaje.

12 Juni

Nimeingia Mikomani tena.

Njia yetu imekuwa barabara. Wameipanua mpaka lori linapita. Ile mikoma iliyoinamiana haipo. Jua linapiga mpaka chini, na mto una rangi ya majivu. Nilitafuta alama za buluu, nikaziona nyingine kwenye magogo yaliyolala, yanangoja kukatwa vipande. Wafanyakazi wenyewe ni watu wa kuhurumia. Mmoja, Waleed, mfugaji wa bara, aliniambia ngamia wake wote waliisha kwa ukame, akaja huku kwa sababu alisikia kuna chakula. Kucha zake zimeungua. Alikula ugali wangu kwa pupa, kisha akaniombea dua ndefu. Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejitayarisha tangu nyumbani kumchukia mtu.

Mkwaju wa uwandani umekatwa. Kisima wamekitupia makopo ya petroli.

Nilimwona Idris kwa mbali, amesimama karibu na tanuri. Hakunipungia mkono. Alijua nimeshaona.

Nyumbani nilikuwa nimepanga la kumwambia Mama. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Usiniambie. Kuni za mkwaju zina harufu yake. Nimeijua tangu juzi."

13 Juni

Nimepika.

14 Juni

Nimepika.

19 Juni

Mama hataki kula. Nimemkorogea uji wa mtama, kaonja kijiko kimoja kwa ajili yangu.

23 Juni

Mvua zimepungua. Mama kaomba atolewe uani. Tukamkalisha kwenye mkeka, akamsomesha Shamsa sura ndefu moja kwa kichwa, kwa kuwa chuo bado hatumpeleki. Shamsa alipokosea, Mama alimpiga kofi dogo gotini. Nilifurahi kwa lile kofi kuliko kitu chochote mwezi huu.

1 Julai

Wameondoka. Miti migumu imekwisha, iliyobaki haina makaa. Malori yamepita kijijini mchana, wazi, mbele ya kituo, askari wakiwasimamisha ng'ombe ili yapite.

Abdulhamid alikuja kuaga. Kanzu ileile, adabu ileile. Alimwambia Idris, "Wewe ni mtu wa ahadi." Akampa mkono. Idris akaupokea. Ningependa kuandika kwamba hakuupokea.

2 Julai

Idris kalala tangu asubuhi mpaka asubuhi.

9 Julai

Adnani kapiga simu. Sauti yake imekonda. Alimuuliza Mama hali, akamuuliza Shamsa masomo, kisha akaomba azungumze nasi wawili. Nikaweka simu katikati yetu.

Anasema hapati usingizi. Anasema hawezi kuliacha jambo pale. Chama cha hisani kimesikitika, kiko tayari kusaidia tena, na safari hii wataomba ruhusa serikalini, watapewa ulinzi. Amewaeleza juu ya bonde la pili, la Kiwambale, kule kaskazini, alilolisikia kwa Mama. Msitu wake bado mzima.

"Shemeji," alisema, "njia za huko unazijua?"

Mimi na Idris tulitazamana. Kiwambale ndiko tunakokata mkindu sasa. Juma lililopita Idris alinionyesha huko njia ya wazee wake, imepotea lakini bado unaihisi chini ya nyayo, na kisima, na mizinga ya nyuki.

"Hakuna njia huko," Idris akasema.

"Hata moja? Mama alisema—"

"Mama mzee, anachanganya. Ni miiba mitupu, shemeji. Hapapitiki."

Kisha Adnani akasema, "Dada?"

Nilitamani kumwambia. Ni ndugu yangu, na anapenda nchi hii kuliko sisi tulioichoka. Nikasema, "Hakuna njia, Adnani. Lala, ndugu yangu. Jaribu kulala."

Nadhani alielewa. Alisema haya, mara mbili, haya, haya, akakata.

13 Julai

Tumekwenda Kiwambale, mimi na Idris na majirani zangu watatu. Tulipofika penye nyasi ndefu Idris akatusimamisha, akasema tusifuatane. Kila mmoja apite pake, na siku nyingine apite pengine. Wanawake hawakuuliza sababu. Tukatawanyika. Nilimsikia mume wangu akikohoa upande wa kushoto, simwoni. Nikamwita, akaitika. Nikaendelea mbele, nyasi zikinifika kifuani, nikijitahidi kukanyaga kwa wepesi. Baadaye niligeuka kutazama nyuma, na sikuona nilikopita.